Mwanga Unaosoma Msuli Haujafundishwa Ngozi Yetu

Ukifika mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, simama kwenye banda la nyama umtazame mchinjaji anapopasua paja la ng'ombe. Nyama ya ndani kabisa, ile ambayo kisu kimeifikia sasa hivi, ina rangi ya zambarau iliyokolea, karibu na rangi ya zabibu zetu zikiiva. Nenda ukaulize bei ya mbuzi, urudi baada ya nusu saa. Kipande kile kile kimegeuka chekundu cha kung'aa, na hakuna aliyekipaka kitu. Ndani ya msuli mna protini iitwayo mayoglobini, ndugu wa himoglobini ya kwenye damu, na zote mbili hubadili rangi zikishika oksijeni na zikiiachia. Nyama iliyofunguliwa imekutana na hewa, imeshika oksijeni, imeng'aa.

Damu nayo ni vivyo hivyo. Ile inayotoka mapafuni ni nyekundu angavu. Inayorudi kutoka miguuni imekolea weusi, kwa sababu imeshaushusha mzigo wake njiani.

Kuna kifaa kidogo, kama ukubwa wa kiberiti, ambacho kazi yake ni kuyaangalia mabadiliko hayo ya rangi kwenye paja la mtu aliye hai na anayekimbia. Wanariadha na waendesha baiskeli wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakikifunga mapajani kwa zaidi ya miaka kumi. Siku hizi naulizwa habari zake na makocha wa hapa Dodoma na vijana wa klabu za jogingi ambao wamekiona mtandaoni. Jibu langu ni refu, ndiyo maana naliandika. Kifaa ni kizuri na sayansi yake ni ya kweli, lakini tusizipokee namba zake mpaka kimepimwa kwenye ngozi zetu, na kazi hiyo ya kupima tunaweza kuifanya wenyewe hapa hapa Dodoma.

Kwanza kinavyofanya kazi. Usiku zima taa, washa tochi ya simu, uifunike kwa kidole. Kidole kinawaka chekundu. Mwanga wa tochi una rangi zote, lakini nyama imezimeza karibu zote na kuiachia nyekundu ipite. Ukisogea mbele kidogo ya nyekundu, kwenye miale ya infraredi ambayo jicho haliioni, mwanga hupenya nyama vizuri zaidi. Hapo ndipo kifaa hiki kinapofanyia kazi, kwenye urefu wa mawimbi wa kati ya nanomita 680 na 850 hivi. Himoglobini isiyo na oksijeni humeza sana mwanga wa nanomita 760. Iliyobeba oksijeni humeza zaidi ule wa 850. Karibu na 800 hakuna tofauti kati yao. Vitaa vilivyogusana na ngozi hutuma miale hiyo ndani, na jicho lililo sentimita mbili au tatu pembeni hupokea kidogo kinachorudi baada ya kuzungukazunguka mwilini. Kutokana na kiasi kilichorudi kwa kila mwale, kifaa hukokotoa ni asilimia ngapi ya himoglobini na mayoglobini ya mahali pale imeshika oksijeni. Hizo mbili hakiwezi kuzitenganisha, rangi zao zimefanana mno. Na hakifiki mbali: kwa makadirio ya kawaida mwanga huzama nusu ya umbali ulio kati ya taa na jicho, yaani sentimita moja hadi moja na nusu.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke alichapisha katika jarida la Science kwamba mwanga huo unaweza kusoma oksijeni kwenye ubongo na moyo bila kupasua. Baadaye Britton Chance wa Pennsylvania, mwanasayansi ambaye mwaka 1952 alipata dhahabu ya Olimpiki ya mashua za tanga kule Helsinki, aliuelekeza kwenye mapaja ya wapiga makasia, na mwaka 1992 yeye na wenzake wakaonyesha jinsi msuli unavyokaukiwa oksijeni na muda unaoutumia kuirudisha. Kilichofuata ni kupunguza ukubwa wa mashine mpaka ikaenea kwenye mkanda.

Kinachonivutia katika namba hii ni kwamba inajibu swali ambalo saa na mapigo ya moyo havilijibu. Kocha wa kawaida anawapa vijana mizunguko ya mita 400 na mapumziko ya dakika mbili, wote sawa, kwa sababu saa yake ni moja. Mapigo ya moyo yanamsaidia kidogo, lakini moyo unapandishwa na mambo mengi: joto la Dodoma la saa nne asubuhi, usingizi haba, kikombe cha kahawa, hata hofu ya kumwona kiongozi amekaa jukwaani. Mtu akikimbia kwa kasi ile ile juani kwa nusu saa, mapigo yake yatapanda pole pole ingawa miguu inafanya kazi ile ile. Namba ya msulini inasema jambo lingine. Mtu akiwa amekaa, mara nyingi husoma kati ya 60 na 80. Akianza kukimbia kwa nguvu inaporomoka, inaweza kufika 30 au chini yake, kwa kuwa msuli unaila oksijeni haraka kuliko damu inavyoileta. Akisimama, inapanda tena, na kasi ya kupanda kwake ndiyo habari kubwa. Kuna kijana ambaye baada ya sekunde 50 msuli wake umeshajaa, na mwenzake aliyemaliza naye bega kwa bega anahitaji dakika mbili na nusu. Ukiwaanzisha pamoja kila mara, mmoja unampotezea muda na mwingine unamchimbia jeraha.

Hiyo ndiyo sababu siko upande wa wale wanaosema hizi ni anasa za wazungu. Kocha anayejua kusoma mstari ule ukishuka na kupanda anapata kitu ambacho hapo kabla alikuwa anakibahatisha.

Lakini nisimulie jambo lililonifanya niache kushangilia. Asubuhi moja mwaka jana nilikuwa nimeshika daftari pembeni ya uwanja, kocha mgeni akiwapima vijana wetu wawili. Mmoja ni maji ya kunde, mwingine ni mweusi tii. Miili yao inalingana, na muda wao wa mita 5,000 unapishana kwa sekunde chache. Kifaa kikawekwa pajani, mahali pale pale, kwa mkanda ule ule. Kabla hawajakimbia hata hatua moja, namba ya wa kwanza ilisimama juu ya sitini. Ya wa pili ilikuwa arobaini na kitu, ikicheza, mara inakatika kabisa, mara inarudi. Wakakimbia. Wote wawili walishuka na wote wawili walipanda, na kwa macho yangu mistari yao ilifuatana vizuri tu. Mgeni akaandika kwamba wa pili ana uwezo mdogo wa kupeleka oksijeni msulini na afanyiwe mazoezi ya msingi kwa wiki sita kabla ya kuguswa na mbio za kasi. Kijana akaondoka ameinamisha kichwa.

Asubuhi moja na watu wawili haviwezi kuthibitisha kitu. Pengine kifaa kilikaa vibaya, pengine kuna jambo lingine. Ila yule mgeni hakuuliza hata mara moja kama rangi ya ngozi inaweza kuwa imeingia kwenye hesabu. Na hapo ndipo palipo na tatizo lote.

Tukumbuke kipimo cha kidoleni, oksimita, ambacho wengi tulikijua wakati wa korona. Nacho kinasoma rangi ya damu kwa mwanga. Madaktari walikiamini kwa miongo. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walichapisha katika New England Journal of Medicine ulinganisho wa namba za kidoleni na damu halisi iliyochotwa kwenye mshipa wa ateri. Kati ya wagonjwa ambao kidole kilisema damu yao ina oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, yaani wako salama, asilimia 11.7 ya weusi kumbe walikuwa chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Zaidi ya mara tatu. Watu walioishiwa oksijeni walikuwa wanaonekana wazima kwa sababu ya ngozi yao, katika mwaka ambao namba hiyo ndiyo ilikuwa ikiamua nani apewe kitanda.

Ilitokeaje? Mwongozo wa mwaka 2013 wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, uliwataka watengenezaji wapime oksimita kwa watu 10 au zaidi, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2, au asilimia 15, ipi iliyo kubwa. Wawili! Januari 2025 mamlaka hiyo ilitoa rasimu mpya inayotaka watu wasiopungua 150 wa rangi mbalimbali. Hayo ni kwa vifaa vya hospitali. Kifaa kinachouzwa kama cha mazoezi tu hakibanwi na masharti hayo, na muuzaji hana wa kumuuliza amekipimia kwa nani.

Kwa msuli hesabu yenyewe inakwenda hivi. Melanini, ile rangi ya ngozi yetu, humeza mwanga wa mawimbi mafupi zaidi, na umezaji wake unapungua kadiri mawimbi yanavyorefuka. Kwa hiyo kwenye 760 inachukua zaidi kuliko kwenye 850. Sasa rudi juu kidogo: ni nani mwingine anayemeza sana 760? Himoglobini isiyo na oksijeni. Kifaa ambacho hakijafundishwa kutofautisha kinaona mwanga wa 760 umerudi haba, kinadhani msuli umekaukiwa, kinaandika namba ndogo. Wakati oksimita ya kidoleni iliwapa watu weusi namba kubwa kuliko ukweli, mwanga wa infraredi unaweza kukosea kwa upande wa pili. Kwenye vifaa vya aina hiyo vinavyobandikwa kwenye paji la uso wakati wa upasuaji, watafiti wamekwisha kuona wagonjwa wenye ngozi nyeusi wakisomeka chini kuliko weupe. Zaidi ya hapo, ngozi nyeusi inaurudisha mwanga kidogo, na mwanga kidogo maana yake ni namba inayotetemeka. Mambo hayo mawili niliyaona kwa macho yangu pajani kwa yule kijana.

Kuna faraja moja ndani ya fizikia hiyo hiyo. Melanini haibadiliki mtu akikimbia. Kama inaivuta namba chini, inaivuta mwanzo wa zoezi na mwisho wake. Ndiyo maana mstari wa yule kijana ulishuka na kupanda kama wa mwenzake. Kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita, kifaa kikiwa mahali pale pale, ni jambo ninaloweza kulikubali. Kumlinganisha na jirani yake, au na jedwali lililokuja ndani ya boksi, nalikataa kabisa.

Na majedwali hayo yanatumia lugha gani ya ngozi? Mara nyingi ni mizani ya Fitzpatrick, iliyobuniwa mwaka 1975 na daktari wa ngozi wa Harvard kwa ajili ya kukisia ngozi nyeupe ipi itaungua haraka ikitibiwa kwa miale. Aina za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Leo mizani ina ngazi sita, na sisi wote, Mgogo, Mrangi, Mnyaturu, Msandawe na Mbarabaig, tunaminywa kwenye mbili za mwisho. Pita stendi ya Nane Nane ukihesabu rangi za watu wanaoshuka mabasini, halafu uniambie kama ngazi mbili zinatosha.

Ngozi si kikwazo pekee, ingawa ndicho kikubwa. Mafuta ya chini ya ngozi nayo yanaudanganya mwanga: paja lenye mafuta ya sentimita moja na nusu linaweza kukifanya kifaa kisome mafuta tu na kisiufikie msuli kabisa. Mkimbiaji wa mbio ndefu mwembamba hana shida hiyo, lakini mama wa miaka 45 aliyejiunga na klabu ya jogingi ili ashushe presha anayo. Jua nalo lina infraredi tele, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi halina mzaha, kwa hiyo bila kitambaa cheusi cha kukifunika kifaa kinaokota mwanga wa angani. Jasho linakitelezesha.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu lina uzito sawa na la ngozi, na ambalo hata kifaa kisicho na kasoro yoyote hakitalimaliza. Namba hii ni asilimia. Mtu wa Dodoma ataielewa kwa madumu ya maji. Chukua mitaa miwili inayoletewa maji kwa mikokoteni. Mtaa wa kwanza unapokea madumu 13 kila saa, wa pili madumu 8. Ukisimama mlangoni na kuuliza tu ni asilimia ngapi ya madumu yaliyofika yamejaa, mitaa yote miwili itakujibu kwamba karibu yote yamejaa. Hutajua kamwe kwamba mmoja una kiu.

Madumu ndiyo himoglobini. Gramu moja yake ikijaa hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Binti mwenye damu ya 13, yaani gramu 13 za himoglobini katika kila mililita 100 za damu, anabeba mililita 17 na kidogo katika kiasi hicho. Mwenye damu ya 8 anabeba chini ya 11. Oksimita ya kidoleni itawasoma wote 97. Kihisi cha pajani wakiwa wamekaa kinaweza kuwasoma sawa pia. Wakikimbia, msuli wa yule wa pili utajitahidi kunyonya zaidi kutoka kwenye kidogo unacholetewa, na mstari wake huenda ukaporomoka mapema, lakini mstari hautasema sababu. Kocha asiyejua atasoma uvivu, au upungufu wa mazoezi.

Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu. Ukiwapanga mabinti kumi wa shule kwenye mstari wa kuanzia, ni busara kudhani kadhaa kati yao wanakimbia na madumu pungufu. Kipimo cha wingi wa damu kinahitaji tone moja kutoka kidoleni na dakika chache kwenye zahanati. Nimeona watu wakitafuta mamia ya dola kwa ajili ya kihisi cha pajani, na kwenye kambi hiyo hiyo hakuna mwanariadha hata mmoja anayejua damu yake ni ngapi. Hilo linaniuma. Kwangu ni mwiko kumfunga binti kifaa cha oksijeni kabla hujampima damu, na ikiwa pungufu, kabla hujauliza anakula nini, ana minyoo, hedhi yake ikoje.

Wapo watakaouliza: na mabingwa wetu je? Kanda ya Kati imetoa watu wakubwa. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda maratoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya kwanza alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alikuwa bingwa wa dunia wa maratoni kule Tokyo tarehe 15 Septemba 2025. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa 2:09:48, na picha ya mstarini ikawatenganisha kwa sekunde 0.03. Je, kifaa hiki kingempa Ikangaa sekunde yake?

Sidhani. Kwenye maratoni mkimbiaji mzoefu huenda kwa kasi ambayo damu inaweza kuhudumia, na namba ya msulini hutulia sehemu kubwa ya njia. Kinachommaliza kilomita ya 35 ni sukari iliyohifadhiwa msulini kuisha, joto la mwili, na nyuzi za misuli kuchakaa kwa maelfu ya hatua. Kifaa hakioni sukari wala hakioni nyuzi. Anayemwambia kijana wa Ikungi kwamba atafika alipofika Simbu kwa kufunga taa pajani anamdanganya, na huenda anamuuzia.

Faida yake naiona kwingine, mahali ambapo matangazo hayapigi kelele. Mtu aliyetolewa plasta ya mguu baada ya ajali ya bodaboda anaambiwa na mtaalamu wa fiziotherapia afanye mazoezi ya paja, na mara nyingi haijulikani kama msuli ule unafanya kazi au mguu wa pili ndio unaubebea. Hapo paja la kushoto na la kulia ni la mtu mmoja, ngozi moja, mafuta yale yale, na ulinganisho una maana. Mzee mwenye kisukari anayesimama kila baada ya mita mia kwa maumivu ya vigimbi, akisema ni uzee, anaweza kuwa na mishipa ya miguu iliyoziba, na msuli wake ukitazamwa anapotembea na anapopumzika utaonyesha oksijeni inavyochelewa kurudi. Hao ni watu wengi kuliko wanariadha wetu wote. Kama kifaa kimoja kikiletwa Dodoma kesho na nikaulizwa kiende wapi, ningekipeleka wodi ya fiziotherapia, uwanja usubiri.

Sasa kupima kwenye ngozi zetu. Watu wanadhani inataka maabara ya Ulaya. Haitaki. Iko njia inayotumiwa na watafiti wa mambo haya, na chombo chake kikuu kipo karibu kila kituo cha afya: mkanda wa kupima presha. Kihisi kinafungwa mkononi, chini ya kiwiko. Mkanda unafungwa juu, kwenye mkono wa juu, unajazwa upepo kupita presha ya mtu mpaka damu isimame. Msuli unaendelea kula oksijeni iliyobaki, namba inashuka, inashuka, kwa dakika kadhaa, mpaka inagota. Hapo ndipo sakafu ya mtu huyo. Mkanda unafunguliwa, damu inarudi kwa kishindo, namba inaruka mpaka kileleni. Hapo ndipo dari yake. Ukiiita sakafu sifuri na dari mia, umepata kipimo ambacho ni cha mtu yule, pamoja na melanini yake na mafuta yake, bila kuuliza kiwanda kilifikiria ngozi ya nani. Inauma kidogo na inatia ganzi. Ifanywe na mtaalamu wa afya, mwenye selimundu asiguswe nayo hata kwa bahati mbaya, wala mwenye damu iliyoganda mshipani.

Chukua watu 60 au 80 wa rangi zote za Kanda ya Kati. Wapime wote kwa mkanda, andika sakafu na dari zao, pima unene wa mafuta kwa kibanio, pima wingi wa damu, pima rangi ya ngozi kwa chombo chenye kutoa tarakimu badala ya kukisia kwa macho. Kama dari za weusi tii zinagota chini kuliko za maji ya kunde, tutajua, na tutajua kwa kiasi gani. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo, na inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Haiwezi kushindwa na mkanda wa presha. Gharama kubwa ni vifaa vyenyewe, viwili au vitatu vya kampuni tofauti.

Nasisitiza kampuni tofauti kwa sababu soko hili halitabiriki. Vifaa vya aina hii vya BSXinsight na Humon Hex viliingia kwa kishindo katika muongo uliopita, na vyote vimeshatoka sokoni. Kifaa kinachotegemea programu ya simu hubaki plastiki tupu siku programu ikizimwa. Moxy ya Marekani imedumu, nayo bado inauzwa kwa bei ambayo klabu ya mtaani haiwezi.

Na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina nafasi yake. Kifaa kinachosoma mwili kwa mwanga, kiwe cha hospitali au cha mazoezi, kikiingizwa nchini kije na karatasi inayosema kimepimwa kwa watu wangapi wenye ngozi kama yetu na kilikosea kwa kiasi gani. Kama jibu ni kwamba hawakupima, liandikwe hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kwenye boksi. Mnunuzi ataamua. Wizara ziko Mtumba na Bunge liko hapa hapa mjini, hoja hii haihitaji nauli.

Yule kijana mweusi tii hakuziacha mbio za kasi kwa wiki sita. Kocha wake wa siku zote aliisoma ile karatasi, akaikunja, akamwambia waendelee kama kawaida, na muda wake wa mita 5,000 umepungua tangu hapo. Damu yake tulikwenda kuipima zahanati, ni 14. Bado anatumia daftari na saa ya kawaida. Nimemwomba kwamba siku kifaa kitakapopatikana tena awe wa kwanza kufungwa mkanda wa presha, tuione dari yake iko wapi. Amekubali, kwa sharti kwamba yule mgeni atumiwe majibu.